Moto wa kuni na moshi wake ndani ya Blender, kuanzia domeni tupu hadi video

Wanaoanza 3D huuliza maswali yale yale. Mbona moshi wangu unatoka kama sanduku jeusi? Mbona moto ninauona ninapofanya kazi lakini nikirenda haupo? Mbona nimeacha kompyuta usiku kucha, umeme ukakatika saa tisa, na asubuhi sina hata fremu moja (picha moja ya video)? Hapa tunayajibu kwa kufanya kazi moja ndogo mwanzo hadi mwisho: moto wa kuni katikati ya mafiga matatu, sufuria juu, moshi unapanda, usiku. Ni ule ule unaouona kwa mama ntilie anayepikia kuni. Video ni ya sekunde 6 tu.

Tunatumia Blender 4.2, ambayo ni ya bure. Majina ya vitufe yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini ili usipate shida kuyatafuta.

Kabla hujagusa chochote, elewa kwamba moshi ni kazi tatu zinazofuatana. Kwanza uigaji, ambapo kompyuta inakokotoa namna hewa, joto na moshi vinavyosogea, halafu inahifadhi matokeo kwenye diski. Pili materiali, inayoamua moshi uwe mzito kiasi gani na moto uwe na rangi gani. Tatu kurenda, yaani kupiga picha yenyewe. Wengi hupoteza siku nzima wakitibu kosa la kazi moja kwenye kazi nyingine. Moshi wenye umbo baya hauponi kwa kuongeza sampuli za kurenda (idadi ya miale ya mwanga inayopimwa kwa kila pikseli), na moto uliofifia hauponi kwa kubeki upya ("Bake", yaani kukokotoa uigaji na kuuhifadhi).

Unachohitaji

- Blender 4.2. Faili lake ni takriban megabaiti 350, kwa hiyo hata bando dogo linatosha.
- RAM ya GB 16. Ukiwa na GB 8 unaweza kufuata, ila usipandishe vipimo vya hatua ya 7.
- Kadi ya picha ya NVIDIA au AMD, ukiwa nayo. Fahamu kwamba uigaji wa moshi unafanywa na prosesa peke yake. Kadi inasaidia kwenye kurenda tu. Ukienda Kariakoo kutafuta mashine ya kazi hii, usiikague kadi ukaisahau prosesa.
- GB 30 za nafasi tupu kwenye diski.
- UPS kama unatumia kompyuta ya mezani. Itakushikilia dakika chache tu, lakini dakika hizo zinatosha kusimamisha kazi na kuzima vizuri.
- Feni au kiyoyozi. Joto la Dar es Salaam mwezi wa pili linatosha kuifanya prosesa ijipunguzie kasi yenyewe. Laptopu inyanyue kutoka mezani hewa ipite chini, na usiirendeshe juu ya godoro.

Hatua

1. Hifadhi faili kabla ya kitu kingine chochote. Tengeneza folda `moto_wa_kuni`, hifadhi humo `moto.blend`. Blender huweka data ya uigaji karibu na faili lako. Faili lisilohifadhiwa halina makao, na data huenda kwenye folda ya muda inayofutika. Kwenye "Output" weka fremu 25 kwa sekunde. Mwanzo 1, mwisho 200. Tutabeki fremu zote 200 lakini tutarenda kuanzia 51, kwa sababu fremu za mwanzo zinaonyesha moto unaowashwa, na tunataka moto uliokwisha kushika. Kutoka 51 hadi 200 ni fremu 150, yaani sekunde 6.

2. Jenga mandhari kwa vipimo vya kweli. Mafiga yawe na kimo cha sentimita 25. Sufuria iwe na kipenyo cha sentimita 30, kitako chake kikae juu ya mafiga. Kuni tatu au nne zikutane katikati. Usitumie muda mwingi hapa, maana usiku na moshi vitaficha mengi.

3. Weka domeni. Domeni ni sanduku ambalo moshi unaishi ndani yake. Nje ya hapo hakuna moshi. Ongeza "Cube", fungua kidirisha cha pembeni kwa kubonyeza N, weka vipimo mita 2 kwa 2 kwa 3 kwenda juu, kitako kiwe chini kidogo ya sakafu. Kisha bonyeza Ctrl+A, chagua "Scale". Wengi huruka kitendo hiki kimoja, halafu moshi unatoka umevutika au unakwenda kasi isiyoeleweka. Nenda "Physics", "Fluid", aina "Domain", "Gas". Kwenye "Border Collisions" acha pande zote wazi isipokuwa "Bottom", ili moshi utoke badala ya kujaa kama chumba kisicho na dirisha.

   Weka "Resolution Divisions" 64 kwa sasa. Namba hii inagawa upande mrefu zaidi wa domeni. Mita 3 ukigawa kwa 64 unapata vijisanduku vya karibu sentimita 4.7, ukigawa kwa 128 unapata sentimita 2.3. Kitu chembamba kuliko kijisanduku kimoja, uigaji haukioni. Na ukizidisha namba hii mara mbili, vijisanduku vinaongezeka mara nane: kwa domeni yetu, 64 ni vijisanduku laki moja na kitu, 128 ni zaidi ya laki tisa, 256 ni zaidi ya milioni saba. Ndiyo maana anayeanza moja kwa moja na 256 hulala na kuamka bado inahesabu.

4. Weka chanzo cha moto. Usizifanye kuni zenyewe kuwa chanzo. Zina kona nyingi na ncha nyembamba. Ongeza "Ico Sphere", ibonyeze iwe bapa, upana sentimita 25 na kimo sentimita 8, ikae katikati ya kuni. Ctrl+A, "Scale". "Physics", "Fluid", aina "Flow". "Flow Type" iwe "Fire + Smoke". Halafu badilisha "Flow Behavior" kutoka "Geometry" kwenda "Inflow". Ukiiacha "Geometry", moto utapuliza mara moja mwanzoni kisha utakatika. Hilo ndilo jibu la "moto wangu unazima wenyewe". Mwisho, zima alama ya kamera ya umbo hili ili lisionekane kwenye picha.

5. Weka kizuizi. Ukuta wa sufuria ni mwembamba mno kwa uigaji. Tengeneza silinda nzima, isiyo na uwazi ndani, yenye ukubwa wa sufuria. Ipe "Fluid", "Effector", "Collision", kisha izimie kamera. Mafiga yape "Effector" moja kwa moja. Ni manene, hayana tatizo.

6. Jaribu kwa vipimo vidogo hadi mwendo ukupendeze. Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko zote. Kwenye domeni, "Cache", acha "Type" iwe "Replay" na ucheze kutoka fremu ya 1. Rekebisha namba moja kwa wakati:

   "Reaction Speed" inaanza na 0.75. Ukiipandisha, kuni zinateketea upesi na ndimi za moto zinakuwa fupi. Ukiishusha, ndimi zinarefuka. Kwa moto unaolamba kitako cha sufuria, anza na 1.2.

   "Flame Smoke" ni moshi unaozaliwa na moto. Kuni kavu, 0.3 hadi 0.5. Kuni mbichi za masika, 1 au zaidi.

   "Vorticity" ya gesi inaongeza vizingo, 0.1 hadi 0.2 inatosha. Ukizidisha, moshi unajikunja kama nywele na unapoteza uzito wake.

   "Dissolve" iwashe, "Time" 60. Moshi wa hewani hufifia. Usipowasha, unafika juu ya domeni ukiwa mzito na unakatwa kama kwa kisu. Hata ukiwasha, panga kamera isione juu ya mita 2.7.

   Ukiona moshi unapanda wima kama nguzo, na kichwa chake ni uyoga, hewa yako imetulia kupita kiasi. Moto wa kweli una upepo. Ongeza "Force Field", "Turbulence", iweke kwenye kimo cha mita 1, nguvu ndogo, kisha "Wind" dhaifu kutoka upande mmoja. Ongeza kidogo kidogo. Upepo wa baharini kule Feri unaulaza moshi, na kwenye uchochoro wa Manzese moshi unazunguka kabla ya kupata pa kutokea. Amua moto wako uko wapi kabla ya kuchagua nguvu ya upepo.

7. Beki ya mwisho. Pandisha "Resolution Divisions" hadi 128. Washa "Noise", "Upres Factor" 2; hii inaongeza vizingo vidogo bila kubadilisha umbo kubwa ulilolipenda. Badilisha "Type" iwe "Modular", na weka tiki kwenye "Is Resumable" kabla ya kubeki. Bila tiki hiyo huwezi kusimamisha na kuendelea, na "Bake Noise" haitakubali. "Format Volumes" iwe OpenVDB. Bonyeza "Bake Data", ikimaliza "Bake Noise".

   Usibeki fremu zote 200 bila kupima. Weka mwisho wa kache (data ya uigaji iliyohifadhiwa) kuwa fremu ya 60, beki, tazama ukubwa wa folda. Fremu za mwisho zina moshi mwingi kuliko za mwanzo, kwa hiyo kadiria juu: gawa kwa 60, zidisha kwa 200, ongeza nusu. Diski ikijaa katikati ya kubeki, faili la mwisho huharibika.

   Tahadhari: 128 haitatoa moto ule ule wa 64. Mwendo wa jumla utafanana, lakini ndimi zitakuwa nyembamba na za haraka zaidi. Ni kawaida.

8. Materiali. Chagua domeni, tengeneza materiali mpya, fungua "Shader Editor". Futa "Principled BSDF". Ongeza "Principled Volume", uiunganishe na tundu la "Volume". Ukiiunganisha na "Surface", unapata lile sanduku jeusi.

   "Density" weka 6. Ujue inavyofanya kazi: palipo na moshi kamili, "Density" ya 5 katika unene wa sentimita 30 inaruhusu takriban asilimia 22 tu ya mwanga kupita. Ukipunguza nusu unene, inapita karibu asilimia 47. Kwa hiyo namba ya mtu mwingine aliyechora moshi wa jengo zima haitakufaa kwenye jiko lako. Kwako moshi ungekuwa hauonekani. "Anisotropy" iwe 0.3 ili moshi ung'ae ukimulikwa kutoka nyuma.

   Sasa moto. Ongeza nodi (kisanduku unachokiunganisha na vingine kwa waya) ya "Attribute", kwenye jina andika `flame`, herufi ndogo zote. Toka "Fac" kwenda "Color Ramp": nafasi ya 0 nyeusi, 0.15 nyekundu iliyoiva, 0.45 rangi ya chungwa, 0.9 njano hafifu. Peleka kwenye "Emission Color". Kisha "Fac" hiyo hiyo ipitishe "Math" ya "Multiply", thamani 30, kwenda "Emission Strength". "Blackbody Intensity" iache 0, tusiwe na mioto miwili.

   Kwa nini 30? Mng'ao wa kitu kama hiki huhesabiwa kwa kila mita mwanga unayopita ndani yake. Ulimi wa moto wenye unene wa sentimita 10 unahitaji namba kubwa mara kumi kuliko moto wa mita nzima ili ung'ae sawa. Ndimi zako zikiwa nyembamba, panda hadi 50. Zikiwa nyeupe, shuka.

9. Taa. Moto wa uigaji unamulika mafiga, lakini kwa shida na kwa chenga nyingi, kwa sababu Cycles, injini ya kurenda ya Blender, haiulengi kama inavyolenga taa. Weka "Point Light" katikati ya ndimi, nguvu W 40, "Radius" 0.12, rangi kwa nodi ya "Blackbody" yenye 1900. Ili icheze, weka kifremu ("Keyframe", alama ya thamani kwenye fremu fulani) kwenye nguvu yake, fungua "Graph Editor", ongeza kirekebishi "Noise", "Scale" 4, "Strength" 15. Halafu "Area Light" ya mita 1 nyuma ya moshi, rangi ya buluu hafifu, W 30. Bila taa ya nyuma, moshi wa usiku haupo. Unamezwa na giza tu.

10. Mipangilio ya kurenda. Cycles, kifaa GPU (kadi ya picha) kama unayo. "Max Samples" 256, "Noise Threshold" 0.02, "Denoise" iwashwe. Kwenye "Light Paths", "Volume" inaanza na 0. Ipandishe hadi 2, na kwa moshi mweupe mzito hadi 4. Ikiwa 0, mwanga haurukiruki ndani ya moshi na unabaki kama masizi. "Step Rate" ya "Volumes": 3 wakati wa majaribio, 1 kwenye picha ya mwisho. Majaribio fanya kwa asilimia 50 ya ukubwa. Ni robo ya pikseli.

11. Pima muda kabla ya kurenda. Renda fremu ya 60, 120 na 190 kwa ubora wa mwisho. Tuseme wastani ni dakika 4. Mara 150 ni dakika 600, yaani saa 10. Mashine inayokula wati 300 itatumia uniti 3 za LUKU. Angalia salio kwenye mita kabla hujalala.

12. Renda picha moja moja, kamwe si video. Umeme ukikatika, video iliyofika katikati huenda isifunguke, lakini picha 90 zilizokwisha zinabaki. Chagua PNG. Kama utabandika moto juu ya video iliyopigwa kwa kamera, washa "Transparent" na tumia OpenEXR, "Float (Half)", "RGBA". PNG haiwezi kubeba kitu kinachong'aa bila kuziba nyuma yake, kwa hiyo ndimi hupotea au hupata kingo nyeusi.

    Toa tiki kwenye "Overwrite", weka kwenye "Placeholders". Umeme ukirudi, renda tena na Blender itaruka fremu zilizokwisha. Lakini kwanza fungua folda na ufute faili lenye baiti 0: hiyo ni fremu iliyokuwa ikirendwa umeme ulipokatika, na usipoifuta itahesabiwa kuwa imekwisha. Ukibadilisha taa au materiali, anza na folda mpya, maana "Overwrite" iliyozimwa itaziacha picha za zamani mahali pake.

    Mashine ikiwa na RAM ndogo, funga Blender na uirendeshe kwa amri hii:

    `blender -b moto.blend -s 51 -e 200 -a`

    Mpangilio wa herufi ni muhimu; `-a` ikitangulia, haitasikia fremu za kuanzia na kuishia.

13. Unganisha. "File", "New", "Video Editing", ongeza picha zako kama mfululizo, weka fremu 25, toa H.264. Kiolezo hiki kinatumia "Standard" kwenye rangi, na ndivyo inavyotakiwa: PNG zako tayari zimepitia AgX (mpangilio wa Blender wa kugeuza mwanga kuwa rangi za skrini), zikipitishwa mara ya pili moto unakuwa kama umemwagiwa maziwa. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikitumwa kama video inabanwa, na kitu cha kwanza kuharibika ni mteremko laini wa moshi.

Mambo yakigoma

*Ninabadilisha namba, hakuna kinachobadilika.* Unatazama kache ya zamani. Bonyeza "Free Data", kisha ubeki upya.

*Moshi ulikuwepo, nimehamisha faili, umetoweka.* Folda ya kache imebaki ulikotoka. Ihamishe pamoja na faili, hakikisha njia yake inaanza na `//`. Domeni mbili ndani ya faili moja zisitumie folda moja, zitafutiana data.

*Ninaona moshi ninapofanya kazi, kwenye picha hakuna.* Ama domeni haina materiali, ama umezima kamera ya domeni ukidhani ni sanduku tu. Domeni ndiyo inayobeba moshi.

*Moto una rangi nyeupe.* AgX hupausha kinachong'aa kupita kiasi. Punguza ile 30. Ukipunguza "Exposure" badala yake, utazima mandhari yote.

*Moshi una tabaka kama karatasi zilizopangwa.* "Step Rate" ni kubwa. Ishushe hadi 0.5, ukijua muda utapanda.

*Moshi una vitofali.* Vijisanduku ni vikubwa. Kwenye mipangilio ya materiali badilisha "Interpolation" iwe "Cubic". Isiposaidia, pandisha "Resolution Divisions".

*Moshi unapenya sufuria.* Kizuizi ni chembamba kuliko vijisanduku viwili, au hukubonyeza Ctrl+A juu yake.

*Moto unaruka hatua, kama unakatika-katika.* Kwenye domeni, pandisha "Timesteps Minimum" hadi 2.

*Vidoa vyeupe vinavyometameta.* "Clamp Indirect" inaanza na 10. Ishushe hadi 3.

*Picha moja moja ni safi, lakini video inachemka.* Kiondoa chenga kinabahatisha tofauti kwenye kila fremu. Hapa hakuna njia ya mkato: pandisha sampuli hadi 512 na "Noise Threshold" ishushe hadi 0.01, angalau kwa sehemu ambayo moshi ni mwembamba na giza liko nyuma yake, kwa sababu ndipo jicho linapoona upesi.

*Blender inajifunga yenyewe katikati ya kurenda.* RAM imekwisha, au kumbukumbu ya kadi imejaa. Jaribu amri ya hatua ya 12. Ikigoma bado, badilisha GPU kwenda CPU (prosesa): itachelewa, lakini inatumia RAM yote ya mashine badala ya kumbukumbu ndogo ya kadi. Ikigoma tena, zima "Noise" ubaki na 128 tupu. Kwa moto wa usiku unaotazamwa kwenye simu, tofauti ni ndogo.